Ubao wa Amcos na ubao wa shule

Msimu wa korosho unapofunguliwa, vijijini Mtwara huwa kuna karatasi moja inayosomwa kuliko gazeti. Hubandikwa kwenye ubao wa Amcos, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, ubavuni mwa ghala, na mbandikaji hajaondoa mkono watu wamekwisha kumzunguka. Juu imeandikwa bei ya mnada. Chini yake yamepangwa makato: ushuru wa halmashauri, chama cha msingi, chama kikuu, ghala, usafirishaji. Mwisho kabisa ni kile kinachobaki kwa mkulima katika kila kilo. Bibi asiyejua kusoma humwita mjukuu amsomee, na mjukuu akiruka mstari, bibi humrudisha nyuma. Mkulima huyohuyo, akitoka ghalani kwenda kulipa ada kwenye shule binafsi ndogo anakosoma mtoto wake, anakuta ubao wa namna nyingine. Januari umebandikwa kiwango cha ada na tarehe ya mwisho. Machi yamebandikwa majina ya wanaodaiwa. Kuhusu fedha ya shule yenyewe, iliingia kiasi gani na ilikwenda wapi, ubao hausemi neno mwaka mzima.

Nazungumzia shule zinazojitambulisha kuwa hazifanyi biashara: za taasisi za dini, za mashirika ya kijamii, za vikundi vya wazazi, za mtu mmoja aliyeona watoto wa mtaa wake hawana pa kusoma akaanzisha darasa la awali katika chumba cha kupanga. Zipo Mtwara mjini, zipo Mikindani, na ukanda wote unaoteremka kupitia Ziwani na Madimba hadi Msimbati na maingilio ya Mto Ruvuma unazihitaji. Msimamo wangu ni huu: shule ya namna hiyo inapaswa kubandika hesabu zake mbele ya wazazi kila muhula, na kuwa na bodi yenye uwezo wa kumwambia mwanzilishi hapana. Isipofanya hivyo, haitaponywa na ada wala ufadhili. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika shule kinachopotea ni mwaka mzima wa masomo ya mtoto.

Ya nani hasa?

Maneno “isiyo ya faida” yamezaa kutoelewana kwingi. Mzazi akiyasikia hudhani shule ni ya bei rahisi au ya bure. Mfadhili hudhani ni ya huruma. Mwanzilishi naye, mara nyingine, hudhani kwamba kwa kuwa hali chochote, basi hawajibiki kueleza chochote. Maana yake halisi ni finyu na ni nzito. Shule inaweza kubakiwa na fedha mwisho wa mwaka, na kwa kweli inapaswa kubakiwa nazo, lakini hakuna mtu mwenye ruhusa ya kuzigawa au kuzitia mfukoni. Zinarudi shuleni. Kwa hiyo shule hiyo haina mwenyewe kwa maana ya mtu mwenye duka lake. Ina wasimamizi.

Sheria zetu zinalijua hilo. Taasisi nyingi za dini huendesha shule chini ya bodi za wadhamini zilizosajiliwa Rita, wakala wa serikali wa usajili. Mashirika yasiyo ya kiserikali yanabanwa na sheria ya 2002, inayotaka kila mwaka taarifa ya kazi iwekwe wazi kwa umma na hesabu zikaguliwe. Sheria ya Elimu ya 1978 inataka shule isiyo ya serikali iwe na mwenye shule na meneja waliokubaliwa na mamlaka ya elimu. Hata kwenye kodi, mtu hawezi kujitangazia hisani: chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, Kamishna wa TRA ndiye anayeamua kama taasisi inastahili kuitwa ya hisani. Tatizo ni kwamba karatasi zote hizi hupanda juu. Zinakwenda Dodoma, zinakwenda Dar es Salaam, zinakwenda kwa askofu au makao makuu ya taasisi. Mzazi wa Chikongola au Magomeni, ambaye ada yake ndiyo inayolipa chaki, hana anachokiona.

Na pwani hii haihitaji mwalimu kutoka nje kuelewa mali isiyo na mwenyewe. Tuna wakfu. Mnazi uliowekwa wakfu kwa ajili ya msikiti hauuzwi wala haurithiwi. Msimamizi huchuma nazi, huziuza, hutengeneza paa au hununua mikeka, na waumini wakimuuliza baada ya sala ya Ijumaa nazi za mwezi huu zimekwenda wapi, hana haki ya kununa. Anajibu. Kuulizwa ni sehemu ya kazi aliyoikubali. Sioni kwa nini shule iliyojengwa kwa sadaka na ada za watu iwe na masharti mepesi kuliko mnazi.

Hesabu ya shule ya mfano

Tuchukue shule ya msingi ya kutwa ya mfano, ili tuone fedha zinavyotembea. Ina wanafunzi 180 na ada ni shilingi 900,000 kwa mwaka pamoja na chakula. Kwa karatasi, mapato ni shilingi milioni 162. Hiyo ndiyo hesabu ambayo mzazi huipiga kichwani akiwa amesimama dirishani kwa mhasibu, na hapo ndipo anaposema moyoni: watu hawa wanapata hela nyingi, wanasubiri nini kupaka rangi?

Sasa tushuke naye. Walimu 12 kwa wastani wa shilingi 600,000 kwa mwezi ni milioni 86.4 kwa mwaka. Watumishi wengine sita, yaani mpishi na msaidizi wake, walinzi wawili, mhasibu na msafishaji, kwa wastani wa 250,000 ni milioni 18. Mchango wa mwajiri kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, asilimia 10 ya mishahara yote hiyo, ni milioni 10.44. Uji wa asubuhi na chakula cha mchana kwa shilingi 900 kwa mtoto, siku 190 za masomo, ni milioni 30.78. Hapo tumekwisha kutumia milioni 145.62. Zimebaki milioni 16.38 za umeme, maji, vitabu, mitihani ya majaribio, mkaguzi wa hesabu, choo kilichojaa, bati lililong’olewa na upepo wa kusi na kompyuta iliyoungua. Hakuna gari la shule hapo, hakuna mkopo wa benki, hakuna darasa jipya.

Halafu ondoa wasiolipa. Ikiwa ada haikukusanywa kwa asilimia 20 tu, na kila mhasibu wa shule ndogo anajua kwamba asilimia 20 si jambo la ajabu, zinakosekana milioni 32.4. Ile baki ya milioni 16 imefutika na shule iko chini kwa milioni 16 nyingine, kabla hata ya kulipia umeme na vitabu. Mishahara ya mwezi mmoja pamoja na NSSF ni milioni 9.57. Kwa maneno mengine, shule ambayo Januari ilionekana ina mamilioni, ifikapo Oktoba haina mshahara wa walimu, na pengo lake ni chini ya miezi miwili ya mishahara.

Angalieni nini hufuata katika giza la hesabu zilizofichwa. Mkuu wa shule akibanwa, deni la kwanza kuahirishwa ni lile lisilopiga kelele. Mwalimu asipolipwa mshahara atalalamika mwisho wa mwezi. Muuza unga atakuja mlangoni. NSSF haiji mlangoni siku ileile. Kwa hiyo fedha iliyokatwa kwenye mshahara wa mwalimu, asilimia 10 yake aliyoitoa mwenyewe, inanunua mahindi. Mwezi mmoja, miwili, mitano. Adhabu ya kuchelewesha inajilimbikiza juu yake. Mwalimu wa kike anakuja kugundua siku anayodai mafao ya uzazi kwamba kwenye taarifa yake kuna miezi mitupu, ilhali hati zake zote za mshahara, alizozitunza kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro, zinaonyesha alikatwa. Aliyefanya hivyo huenda hakuiba hata senti kwa ajili yake. Lakini alichukua uamuzi huo peke yake, na hapakuwa na mtu wa kumzuia.

Kama karatasi ya mapato na matumizi ingekuwa ukutani tangu Aprili, ikionyesha mstari wa NSSF na neno “haijalipwa”, mambo mawili yangetokea. Walimu wangejua mapema. Na wazazi wanaodaiwa wangeona kwa macho yao deni lao limeangukia wapi. Kusomewa jina lako ubaoni kama mdaiwa kunakuaibisha tu. Kuona kwamba ada yako ndiyo mchango wa uzazi wa mwalimu wa mwanao ni habari nyingine kabisa.

Ada ya Januari, mfuko wa Aprili

Hapa ndipo Mtwara inapotofautiana na Dar es Salaam, na ndipo shule nyingi zinapojikwaa kwa kunakili kalenda ya watu wenye mshahara. Kipato cha kaya za huku hakiji kila tarehe 28. Korosho huuzwa minadani kuanzia Oktoba, fedha nyingi zikiingia Novemba na Desemba. Ufuta hutoa kidogo katikati ya mwaka. Mvuvi wa Msangamkuu au Msimbati ana miezi ya kaskazi bahari ikiwa tulivu na miezi ya kusi chombo kikiwa kimepaki mchangani. Mama anayechokoa pweza miambani anafuata bamvua, siku chache kila nusu ya mwezi. Shule, kwa upande wake, inataka awamu ya kwanza Januari, ya pili Aprili, ya tatu Julai, ya nne Septemba. Aprili mfuko mtupu. Mei na Juni mkulima anatafuta salfa ya kupulizia mikorosho. Septemba ndiyo ukingo wa njaa ya fedha, kabla ya mnada wa kwanza.

Mzazi aliyebanwa Agosti na mtoto aliyerudishwa nyumbani anakwenda wapi? Anakwenda kwa kangomba. Anauza korosho zikingali maua, kwa bei ya kutupa, kwa bakuli. Tuseme anahitaji shilingi 300,000 na mnunuzi wa kangomba anampa 1,000 kwa kilo: ameahidi kilo 300. Kama bei ya mnada ikiwa 2,500, ada ileile ingelipwa kwa kilo 120. Kilo 180 zimekwenda, sawa na shilingi 450,000. Ada ya laki tatu imemgharimu laki saba na nusu, na shule haikupata hata shilingi moja ya ziada. Serikali imepiga vita kangomba kwa miaka. Sijasikia shule ikiulizwa mchango wake katika kuiendeleza.

Dawa inaonekana rahisi: pokeeni ada ya mwaka ujao Novemba na Desemba, wakati fedha ya korosho iko mkononi, na wavuvi walipe kidogokidogo kwa mwezi. Lakini hapo unaliomba jambo kubwa. Unamwomba mzazi akabidhi fedha leo kwa huduma ambayo sehemu yake ataipata miezi kumi baadaye. Nani atafanya hivyo kwa taasisi asiyojua hesabu zake? Jibu tunalo nyumbani. Tangu 2007 mkulima wa mkoa huu anapeleka korosho zake ghalani, anaziacha, anarudi na karatasi. Stakabadhi ghalani ni hiyo: unatoa mali, unapewa maandishi, unasubiri. Mfumo huo umekuwa na migogoro mingi, makato yamelalamikiwa, viongozi wa vyama wameondolewa. Hata hivyo umesimama kwa sababu uzito unaandikwa, bei inatangazwa hadharani, na mkulima anajua pa kuuliza. Shule inayotaka ada ya Januari ilipwe Novemba inahitaji kuaminika kwa kiasi hichohicho, na uaminifu wa namna hiyo haujengwi kwa hotuba ya siku ya mahafali.

Akiba pia inahusika. Msimu wa 2018 wakulima waligoma kuuza kwa bei walizoletewa, na Novemba mwaka huo Rais Magufuli akatangaza serikali kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likizisomba. Bei ilikuwa nzuri. Malipo yakachelewa kwa sababu ya uhakiki, na Januari 2019 ikawakuta wazazi wengi korosho zimeondoka na akaunti hazijasoma. Mwaka uliofuatia ulikuja ugonjwa wa korona: shule zilifungwa 17 Machi 2020 na kwa madarasa mengi hazikufunguliwa hadi 29 Juni. Katika miaka miwili, mishtuko miwili, wala hakuna kati yake iliyosababishwa na mkuu wa shule yeyote. Shule yenye akiba ya miezi miwili ya mishahara inavuka. Isiyo nayo inakopa kwa mwanzilishi, na kuanzia siku hiyo mwanzilishi anakuwa mdai wa shule yake, jambo ambalo ni mwanzo wa fitina isiyokwisha kama halikuandikwa.

Tulikotoka

Kusini ina historia ndefu ya elimu ya taasisi. Waanglikana wa UMCA walijenga Chidya, Wabenediktini wakajenga Ndanda, na vizazi vya viongozi vilipita huko. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilianza kutoa ruzuku kwa shule za misheni zilizotimiza masharti, na taarifa zikawa zinaandikwa kwa ajili ya ofisi ya elimu. Baada ya uhuru, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, shule hizo zilitaifishwa. Chidya na Ndanda ni za serikali hadi leo. Kwa muda wote huo mzazi hakuwahi kuwa mtu wa kusomewa hesabu: kwanza alikuwa mpokeaji wa fadhila ya misheni, kisha mpokeaji wa huduma ya dola. Jumuiya ya Wazazi, yenye mizizi katika TAPA ya miaka ya 1950, ilibeba jina la wazazi na ikaendesha sekondari zake, lakini maamuzi yalikaa kwenye ngazi za chama tawala. Shule binafsi zilipoongezeka kuanzia miaka ya 1980, zilirithi tabia iliyokuwapo. Hesabu hupanda. Hazishuki.

Ufadhili wa nje umeiongezea tabia hiyo nguvu. Mfadhili aliyetoa madawati hupewa taarifa yenye picha, kwa Kiingereza kizuri, kila robo mwaka. Mzazi ambaye kwa pamoja na wenzake analipa mishahara yote hapewi kitu. Tena wafadhili wengi hupenda majengo, kwa sababu jengo lina ukuta wa kuandika jina. Mshahara wa mpishi hauna pa kuandika. Hivyo shule inapata chumba cha nne cha kompyuta na deni la umeme wa kuziwasha. Iko mifano ya shule zilizosimama juu ya wafadhili, kama St Jude ya Arusha, iliyoanza na watoto watatu 2002 chini ya Gemma Sisia na kukua kwa michango kutoka Australia. Lakini mtandao wa namna hiyo hauokotwi, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Mikindani tumeona njia tofauti: shirika la Trade Aid la Uingereza lilikarabati boma la Wajerumani la 1895 na kulifanya hoteli na mahali pa kuwafunzia vijana kazi, ili hisani ijitafutie kipato papo hapo. Ni wazo la heshima. Nalo linategemea wageni, na tangu machafuko ya Cabo Delgado, Msumbiji, yavuke Mto Ruvuma hadi Kitaya Oktoba 2020, mtu wa huku anajua mgeni ni kitu cha kuwepo leo na kukosekana kesho. Shule ya siku zote itategemea wanaoishi nayo.

Mwanzilishi, mke wake na shemeji

Nasema hili kwa heshima, kwa sababu waanzilishi wengi wa shule hizi ni watu wema waliouza kiwanja au kutumia kiinua mgongo chao chote. Lakini mfumo unaozoeleka ni huu: mwanzilishi ni meneja, mkewe ni mhasibu, shemeji ni mwenyekiti wa bodi, na watia saini wa benki ni wawili wanaolala chumba kimoja. Bodi hukutana siku ambayo mdhibiti ubora wa shule anatarajiwa. Muhtasari wa kikao huandikwa kabla ya kikao. Hakuna aliyeiba, na bado hakuna anayejua kama gari lililonunuliwa ni la shule au la familia. Mwanzilishi akifariki, na kila mtu hufariki, watoto wake wanakuja na hati ya kiwanja yenye jina la baba, na wanafunzi 180 wanageuka kuwa wapangaji kwenye urithi wa watu.

Kwa hiyo bodi si pambo. Ardhi iwe kwa jina la wadhamini, tangu siku ya kwanza. Wajumbe wawe na muhula unaokwisha. Angalau theluthi wawe wazazi waliochaguliwa na wazazi wenzao, na mmoja awe mwalimu. Mtunza fedha asiwe ndugu wa meneja. Ada ipokelewe benki au kwa simu, ili kitabu cha stakabadhi kisiwe na kurasa mbili zenye namba moja. Na mwanzilishi aandikiwe mshahara, ndiyo, mshahara halali unaoonekana, kwa sababu anayefanya kazi bila malipo rasmi mwishowe hujilipa kwa njia isiyo rasmi na anaiita haki yake.

Wanaopinga

Wapo watakaosema wazazi hawaelewi hesabu, ukiwaonyesha milioni 162 wataleta vurugu. Hao wanaoambiwa hawaelewi ndio waliosimama kwenye minada ya Newala na Tandahimba wakijadili tofauti ya shilingi 20 kwa kilo, ndio wanaojua kwamba ushuru wa halmashauri kwa zao la biashara ni asilimia 3 na watakuuliza ukikata 4. Mtu huyo ataelewa mistari kumi ya bajeti ya shule. Vurugu huletwa na nusu ya habari, ile milioni 162 anayoipiga mwenyewe kichwani bila kuonyeshwa matumizi.

Wengine wana hoja nzito zaidi: kuanika mishahara kunavunja faragha ya walimu na kuwapa shule jirani nafasi ya kuwanyakua. Nakubali sehemu yake. Jina la mwalimu na kiwango chake visibandikwe. Jumla ya mishahara, idadi ya walimu na miezi ambayo mishahara ilichelewa vinatosha. Ama shule jirani, kuna siri gani? Walimu wa mji mdogo kama Mtwara wanajua nani analipa nini tangu wanaposimama kituo kimoja cha daladala.

Ipo pia hoja ya majungu: wapeni wazazi nafasi kwenye bodi, siasa za mtaa zitaingia, mjumbe atataka mpwa wake aajiriwe upishi. Itatokea. Lakini upendeleo wa wengi unaoonekana hurekebishika kwenye kikao kinachofuata, wakati upendeleo wa mmoja usioonekana hukaa mpaka shule ifungwe. Na kuna wasemao, kwa nini kuhangaika na shule hizi hata kidogo, ikiwa tangu Januari 2016 serikali imefuta ada na imeweka ruzuku ya kila mwaka ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari? Shule za serikali ndizo zinazobeba watoto wengi wa nchi hii na zinastahili kila juhudi. Ila madarasa yake yamejaa, na shule ndogo ya binafsi ikifungwa katikati ya mwaka, watoto wake 180 wanakwenda kujazana humohumo, wa darasa la saba wakiwa wamekwisha kusajiliwa kwa mtihani kwenye shule isiyokuwapo tena. Mzazi anahangaika na uhamisho kati ya ofisi na ofisi, sare mpya, daftari mpya, na ada aliyolipa hairudi. Kufungwa kwa shule ndogo ni gharama ya jirani zake wote.

Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani limeacha kutangaza shule zilizoongoza. Matangazo yale yalikuwa yakizisaidia shule binafsi kujinadi, na mzazi alichagua kwa kuangalia orodha. Sasa anachagua kwa nini? Kwa rangi ya basi, kwa Kiingereza cha mlinzi getini, kwa uvumi. Shule ya kwanza katika mkoa huu itakayobandika karatasi moja ya mapato, matumizi, madeni na akiba, iliyosainiwa na mzazi mjumbe wa bodi, itakuwa na kitu cha kumwonyesha mzazi ambacho wengine hawana. Na wakati mzuri wa kuibandika ni wiki za kwanza za Oktoba, kabla ya mnada wa kwanza, karatasi ikionyesha ada ya mwaka ujao itakwenda wapi mstari kwa mstari, ili bibi akitoka ghalani apite na mjukuu wake asomewe na hiyo.